Betri ya Kumngojea Baba

Najua mambo ya sayari kuliko inavyomfaa mtu wa kazi zangu. Najua kwamba siku moja ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake. Najua kwamba Zohali ni nyepesi kiasi kwamba, likipatikana ziwa la kuitosha, ingeelea. Sikuyasoma haya darasani, wala sikuyapenda. Niliyapata nimekaa kwenye kigoda uani kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, mgongo unaniuma, nikimtafsiria mama yangu Kifaransa cha televisheni, huku sote tukimngoja baba apite kwenye kioo.

Baba alikuwa fundi wa breki. Gereji ilikuwa ya babu, na babu alipoondoka ikawa ya baba pamoja na mdogo wake, ambaye mimi namwita baba mdogo. Siku moja, katika miaka ya mwanzo ya vita, baba alimaliza breki za pikapu ya mteja, akatoka kuzijaribu kwenye barabara ya kwenda Ruziba. Ndivyo alivyofanya siku zote. Alikuwa akisema breki iliyojaribiwa ndani ya gereji ni breki ya ndotoni. Hakurudi. Pikapu nayo haikurudi. Hakuja mtu wa kusema nimemwona, hakikuletwa kiatu, hakikuletwa chochote. Mama wakati huo alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Kati yangu na huyo mdogo walizaliwa wengine ambao hawakuishi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, msichana wa sekondari, mama, na tumbo lake.

Kisha mtaa ukachafuka, tukakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mabunda kichwani kama wengine. Tuliporudi, nyumba ilikuwa kuta. Walibeba mabati, walibeba milango, walibeba hata jiwe la kusagia, na mpaka leo najiuliza mwizi gani anakimbia risasi huku amebeba jiwe. Sanduku la bati lililokuwa na picha zetu nalo lilikwenda. Kitambulisho cha baba alikuwa nacho mwenyewe mfukoni. Baba mdogo alikuwa na picha moja tu ya harusi yake, na ndani ya picha hiyo baba ameinama anafunga kamba za kiatu. Unaona mgongo wa koti. Tuliitazama picha ile mpaka ikaanza kututia hasira.

Hivyo mdogo wangu akakua bila kujua sura ya baba yake. Alipoanza kusema, alianza kuuliza. Mama alimwambia, alifanana na baba mdogo, lakini pua toa. Alifanana na dada yako, lakini mdomo toa. Mtoto alisikiliza vipande vyote hivyo na hakuweza kuviunga, kama gari lililofunguliwa na fundi akaenda kula. Akauliza tena kesho yake. Mama akaanza upya, pua, mdomo, nyusi, na mimi nilikuwa natoka nje ili nisisikie.

Televisheni ilikuwa ya baba mdogo. Ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, ya kutumia umeme wa nyumbani au betri ya gari. Alituletea tuliporudi kutoka Uvira, akasema nyumba isiyo na mwanamume iwe walau na sauti. Umeme wa mji ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, lakini betri zilikuwapo. Ilikuwa miaka ya vikwazo, ambargo tuliyoilaani kila mtu kwa lugha yake. Petroli ilikuwa inauzwa kwenye chupa, vipuri havikuingia, magari ya wateja yalilala gerejini yakingoja kitu ambacho hakijulikani kitafika lini. Gari lililolala halihitaji betri. Baba mdogo aliichomoa, akaichaji umeme ulipokuwapo, akatuletea kwenye toroli, na mama akafunga vibanio viwili kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa mke wa fundi hafungiwi betri.

Kituo cha televisheni kilifungua mchana ukiwa umechoka. Kabla ya habari za jioni walikuwa wakionyesha dokumentari. Tulisema zilitoka Ufaransa kwa kaseti, na kwamba kaseti zenyewe zilikuwa chache, maana zilirudi na kurudi bila mpango ambao mtu angeweza kuufuata. Leo mafarao. Kesho nyuki. Keshokutwa mafarao tena. Tangazo la kitakachofuata halikuwapo, au lilikuwapo na halikufuatwa.

Basi jioni moja, mama akiwa anachagua mchele uani, ilisikika nyundo ikipiga chuma, ta, ta, ta, bila muziki wowote, na kwenye kioo ukatokea mji wetu. Ilikuwa filamu juu ya mafundi wa Bujumbura, iliyopigwa na wageni fulani kabla ya vita. Wafua vyuma, washonaji, wavuvi wa Ruziba wakishona nyavu, halafu mafundi wa Buyenzi. Mama aliweka ungo chini. Ikaonekana gereji yetu, mlango wake wa zamani, na katikati ya picha, mkubwa, amejaa, mwanamume mmoja mwenye kofia pana ya pama, anacheka kwenye kamera na kunyanyua pistoni juu kama aliyeshinda kombe. Nyuma yake, pembeni kabisa kushoto, mtu alitoka chini ya lori, akasimama, akajifuta mikono kwa tambara, akageuka kumtazama aliyekuwa akimwita. Halafu picha ikaenda kwa wafinyanzi.

Yule wa pembeni ndiye alikuwa baba.

Mama hakupiga kelele. Alinishika mkono mahali pamoja mpaka pakafa ganzi. Mdogo wangu alikuwa ndani amelala na homa, na tulipokumbuka kumwamsha, msimulizi alikuwa ameshafika kwenye vyungu.

Yule mwenye kofia tulimjua. Si fundi hata kidogo. Alikuwa mteja, bwana mmoja mlalamishi asiye na mfano, ambaye gari lake halikuwahi kutengenezwa likamridhisha. Lilipopona injini, alilalamikia mlango. Ulipopona mlango, alilalamikia namna mlango ulivyofungwa. Baba alipomwona anakuja alikuwa akiingia chini ya gari lolote lililo karibu na kujifanya ana kazi. Mama alisema, siku wageni walipokuja na kamera, bila shaka baba alikuwa chini ya lori akimkimbia huyo huyo. Alilisema hilo na akacheka, mara ya kwanza tangu Uvira, kisha akaona haya kwamba amecheka.

Hapo ndipo yalipoanza mangojeo yetu.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa bibi mmoja, mjane wa siku nyingi, mwosha maiti wa kike wa mtaa. Alijua sheria zote za kufa na kubaki, na ukikosea herufi ya Kiarabu katika dua alikusahihisha palepale, hata maiti ikiwa mbele yake. Alikuwa amemjua baba tangu akitambaa. Kwa muda mrefu alikuwa akimwambia mama akae eda. Masheikhe walikuwa wameshasema muda wa kumngoja mtu aliyepotea umetosha, ihesabiwe amekufa, asaliwe sala ya maiti asiyekuwapo, mke avae nyeupe, akae ndani miezi yake, atoke akiwa mjane kama wajane wengine. Baada ya filamu ile bibi alikuja na kukaa mkekani.

"We mwanamuke," alisema, "utasimama katikati ya mulango mupaka lini? Mume kama iko hai, tandika kitanda. Kama alikufa, vaa nyeupe. Lakini weye uko unaangalia televisheni."

"Sijakatala eda," mama alisema. "Mutoto amuone baba yake kwanza. Akisha kumuona, mi nitakaa eda yangu, na hautasikia kelele."

"Na kama iyo filamu haitarudi?"

"Mafarao wanarudi. Na yeye atarudi."

Bibi alinitazama mimi, labda akidhani msomi wa nyumba atasema neno. Nilikuwa najua kaseti zinarudi, na nilikuwa najua pia kwamba mama, akishaweka neno chini, halinyanyuliwi hata kwa jeki.

Kwa hiyo tuliangalia kila kitu. Televisheni iliwashwa kituo kilipofungua, ikazimwa kilipofunga, ili nyundo isije ikapiga sisi tukiwa na kioo cheusi. Mimi nilitoka shuleni, siku ambazo shule ilikuwapo, nikapanga foleni ya maji, nikarudi na ndoo, nikakaa kwenye kigoda, nikatafsiri. Kwetu ndiyo desturi: aliyekwenda shule ya Kifaransa analipa deni hilo mbele ya wazee mpaka azeeke. Wanawake wa uani walikuja na kazi zao za mkono, huyu na maharagwe, huyu na nywele za binti yake, na bibi mwosha maiti alikuja na kiti chake mwenyewe kwa kuwa hakuviamini viti vya watu.

Msimulizi alikuwa mwanamume mwenye sauti ya mtu aliyeshiba. Alisema mamilioni ya miaka kama sisi tunavyosema juzi. Milima iliyo juu ya mji ilikuwa ikinguruma kwa mizinga, du, du, na yeye akituambia kwamba Mshtarii una dhoruba iliyodumu karne kadhaa. Nilimchukia. Nilichukia namna alivyokuwa hana haraka. Mwanzoni nilitafsiri vizuri, neno kwa neno, tarakimu zote. Baadaye nilichoka, nikawa nasema tu, "Anasema ni mbali." Akitaja sayari nyingine, "Hiyo nayo ni mbali." Bibi hakuridhika.

"Mbali kupita Ruziba?" aliuliza.

Hakuwa na nia mbaya. Lakini Ruziba ni hapo tu kusini, mtu anatembea kwa miguu na kufika kabla jua halijachwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kwenda. Baba mdogo alijaribu mara moja kwenda kuulizia, akarudishwa kwenye kizuizi na wanaume wenye bunduki ambao hawakumwambia ni wa upande gani. Zohali tuliiona mara nyingi. Ruziba hatukuiona, na kama baba alilala mahali, alilala kwenye barabara ile.

Nilisema, "Ndiyo, bibi, ni mbali kupita Ruziba," tukaendelea.

Msimulizi alituambia Mirihi ni nyekundu, nami nikatafsiri, na kwenye kioo chetu ikatokea kijivu kama chapati ya jana. "We mutoto unatudanganya," bibi alisema. "Iyo ni nyekundu wapi?" Zohali ilipoleta pete zake alisema, "Pete zote izo, na harusi hakuna." Kulikuwa na filamu juu ya wazee wa Ulaya wanaoishi peke yao kwenye nyumba za ghorofa na mbwa. Hiyo iliwaumiza wanawake wetu kuliko zote. Walitaka nirudie kutafsiri, wakidhani nimekosea. "Imbwa inalala mu kitanda," mmoja alisema polepole, "na uyo mama anapikia nani?" Jioni nzima waliwaonea huruma wazungu, na walipoinuka kwenda kwao walikwenda wameinamisha vichwa.

Ilikuwapo pia ya vita vyao vya zamani. Watu kwenye barabara ndefu, mikokoteni, vikongwe wakisukumwa kwenye vitoroli vya watoto, na juu ya kila kitu, magodoro. Mwenye maharagwe aliacha kuchambua.

"Kumbe na wao wanakimbiaga na magodoro," alisema.

Msimulizi alikuwa anaeleza majenerali na mikataba. Hakuna aliyeniuliza anasema nini, nami sikutafsiri.

Filamu ya mafundi ilirudi mara moja katika msimu wa mvua. Nyundo ilipiga, ta, ta, ta, mama akaruka, mimi nikamnyakua mdogo wangu kutoka kwenye beseni akiwa na sabuni mwilini, nikamweka mbele ya kioo akidondosha maji. Siku hiyo tulikuwa tumepata umeme wa mji, na betri ilikuwa imerudishwa gerejini kupumzika. Umeme ulikatika kwenye wavuvi wa Ruziba. Mama alibaki ametazama kioo cheusi ambamo tulionekana sisi wenyewe, watatu, mmoja na povu kichwani. Toka siku hiyo hakuukubali tena umeme wa mji. Aliuita mnafiki. Betri ilibaki imefungwa mvua na kiangazi.

Ndipo baba mdogo alipoanza kulalamika.

"Shemeji, batri si kisima," alisema. "Kama hakuna kitu, uzime. Izi sayari zinakunywa bure."

"Nikizima nitajua aje kama amekuja?"

Baba mdogo alikuna kichwa kwa bisibisi. Yeye ni mtu wa mashine, na jibu la mashine alikuwa nalo. Akaenda kutafuta gari lingine lililolala.

Watu walimwambia mama subira huvuta heri. Nilikuwa nataka kuuliza inaivuta kutoka wapi, na kwa kamba gani, mbona haifiki. Sitaki kujifanya nilikuwa binti mvumilivu. Nilikuwa nimechoka hasa, uchovu wa kwenye mifupa, ule ambao usingizi hauugusi. Nilichoka foleni ya maji, nilichoka kusikia mlio na kukisia ni mtaa gani, nilichoka nyuki, mafarao na yule bwana aliyeshiba. Kuna jioni nilitamani filamu ile isirudi tena, mama akate tamaa, tulie mara moja kama watu, tuzime. Mdogo wangu naye, ambaye mambo yote haya yalifanyika kwa ajili yake, alikuwa hana habari. Alikuwa akicheza na makopo nyuma ya televisheni, upande wa nyaya. Alijua majina ya sayari kwa mpangilio kutoka kwenye jua, na alikuwa akiyaimba akiruka kamba.

Halafu ulikuja wakati nguzo za umeme ziliangushwa huko milimani, na mji wote ukakaa gizani, si kwa siku za kuhesabu. Gereji haikuweza kuchaji chochote. Baba mdogo alituletea betri ya mwisho aliyokuwa nayo na safari hii hakuibeba kwa toroli, aliibeba kifuani kama mtoto.

"Iyi ni ya mwisho, shemeji. Nakuomba. Sayari muziache."

Mama aliahidi. Na kesho yake kituo, chenye jenereta yake, kilipofungua, akawasha. Alikaa mbele yake na kutasbihi, akaangalia Utaridi, Zuhura, Dunia, zile zile, kwa mpangilio ule ule. Nilimwambia, mama, hii ni ya sayari, naijua mwanzo mpaka mwisho, haiwezi kugeuka ikawa ya mafundi. Alisema, "Na ikishaisha wanaweka gani?" Tukaendelea kuangalia.

Anayetumia televisheni ya betri anajua betri inavyokufa. Haifi ghafla. Picha inaanza kunywea. Weusi unaingia kutoka pembeni, picha inajikunja kuelekea katikati, kila jioni ndogo kidogo kuliko jana. Sayari zetu zilianza kuwa mandazi, zikawa maharagwe, zikawa dengu. Sauti ya yule bwana ikawa ya mtu mgonjwa, na nakiri nilifurahi. Bibi aliburuta kiti chake mbele zaidi kila siku, mpaka magoti yake yakagusa meza.

Nyundo ilipiga katikati ya wiki, alasiri, jua bado liko ukutani. Ta, ta, ta, lakini kwa unyonge, kana kwamba mfua vyuma naye hajala. Mdogo wangu alikuwa kwa jirani anasukwa, upande mmoja wa kichwa tayari, upande wa pili umesimama. Mama mwenyewe alikwenda mbio, bila kanga ya juu, akarudi naye mkononi. Akamweka kwenye paja lake, wakakaribia kioo mpaka pumzi zao zikakifanyia ukungu, nami nikaufuta kwa mkono.

Picha ilikuwa imebaki kama ya pasipoti, katikati ya weusi. Washonaji walikuwa chungu, wale wadudu. Wavuvi wa Ruziba walikuwa nyuzi.

"Sasa," mama alisema. "Angalia vizuri. Angalia."

Ikaja gereji. Katikati, hata katika udogo ule, alionekana yule mwenye kofia, meno yake, pistoni yake juu. Pembeni kushoto mimi niliona kitu kama mbegu ya ufuta kikinyanyuka, kikasimama, kikatikisika kidogo. Nilijua kule kutikisika ni tambara la kujifutia mikono, kwa sababu nilikuwa nalijua. Asiyelijua asingeona kitu.

"Ni uyu?" mdogo wangu alisema, akaweka kidole juu ya kofia. "Mama, ni uyu? Mwenye kofia? Baba yangu anachekaga!"

Mbegu ya ufuta iligeuka kumtazama aliyeiita, ikaisha. Wakaja wafinyanzi.

Uani palikuwa na watu, na wote walikuwa wakimjua baba, na wote walikuwa wakimjua yule bwana. Bibi alifungua mdomo. Mimi pia nilifungua wangu. Mama hakututazama. Alikuwa anamtazama mtoto, ule uso uliosukwa nusu, na mtoto alikuwa ametabasamu vilevile kama mtu wa kofia alivyotabasamu, meno yote, anajaribu kuona kama yatamkaa. Betri hakuna. Umeme hakuna. Gari jingine lililolala hakuna. Miaka yote tuliyokesha na sayari tulikuwa tukiinywesha Zohali nguvu za kumleta baba, na baba alipokuja, zilikuwa zimebaki za kumleta mteja wake.

"Ee," mama alisema. "Ni yeye. Alikuwa anachekaga."

Akanyoosha mkono akazima televisheni, filamu bado inaendelea. Hakuwahi kuizima hata siku moja kabla ya kituo kufunga. Alivua vibanio vyote viwili, akaviringisha waya wake vizuri, akaviweka juu. Halafu akamgeukia bibi.

"Leta kitambaa yako nyeupe," alisema.

Nilimfuata chumbani. Nilitaka kusema, nikaona ameketi kitandani amevua viatu na anaitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. "Nimechoka, mama," aliniambia. Aliniita mama, kama alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo. "Wewe utamukumbuka kama alivyokuwa. Mudogo wako, muache na uyo wake." Nikakaa karibu naye. Hatukulia sana.

Baba mdogo alipokuja kuchukua betri, mtoto alimkimbilia na kumweleza habari za kofia, na meno, na pistoni. Baba mdogo akasema, "Nani? Ule mul..." Mama alikuwa mlangoni, ameshavaa nyeupe. Alimtazama tu. Baba mdogo akapakata betri yake iliyokufa, akasema kweli, kaka alikuwa na kofia nzuri, akaondoka akikuna kichwa mpaka barabarani.

Mdogo wangu aliambiwa ukweli akiwa mtu mzima, na namna alivyoupokea ni yake kuisimulia.

Hitima ilisomwa uani kwetu Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri, ili watu wawahi kurudi makwao kabla ya amri ya kutotoka nje. Wanaume kwenye mkeka wa mbele, wanawake nyuma, mama ndani ya chumba chake cha eda, pazia limeshushwa. Ilisaliwa sala ya asiyekuwapo. Ilisomwa Yasini. Mwisho, kama ilivyo desturi yetu, yatima mdogo wa nyumba aliitwa katikati amwombee baba yake, kwa kuwa dua ya yatima haina pazia. Bibi alimshika bega akamwambia aseme tu yanayomjia. Mdogo wangu, nywele sasa zimesukwa pande zote, alinyanyua viganja.

"Mungu," alisema kwa sauti ya mwanafunzi, "umurehemu baba yangu. Ule mwenye kofia. Mwenye kuchekaga. Umupatie fasi nzuri, na asichoke."

Watu waliinamisha macho. Baba mdogo aliuma mdomo wake wa chini. Nilimtazama bibi, ambaye hakuwahi katika maisha yake kuacha dua ipite na kosa, aliyemwosha mama mzazi wa baba, aliyemjua baba kichwa wazi tangu akitambaa.

Bibi alinyanyua mikono.

"Amina," alisema.

Tukasema wote amina, wanaume na wanawake, kwa ajili ya yule mtu wa kofia, ambaye pengine wakati ule alikuwa hai mahali fulani akilalamikia mlango wa gari lake. Na tulipokwisha kunyamaza, kutoka nyuma ya pazia, ikafika ya mama, peke yake.

"Amina."